Machekeche ya seremala wa Mtwara kwa udongo wa mapangoni: mawili mazuri, la tatu libadilishwe wavu

Seti hii ya machekeche matatu hutengenezwa kwa oda katika karakana ya seremala Mtwara mjini. Inawafaa wanaochimba kitaalamu kutafuta mabaki ya kale kwenye mapango ya mawe ya chokaa, kama yale ya milima ya Matumbi wilayani Kilwa. Kila fremu ni ya mninga, sentimita 50 kwa 50, kina sentimita 10, na yanapachikana: la juu matundu ya milimita 5, la kati milimita 2, la chini waya wa mbu.

Fremu hazina mpinzani kwa bei ya hapa. Pembe zimefungwa kwa skrubu, na ndivyo inavyotakiwa, maana mtikiso wa kutwa nzima hulegeza misumari. Mninga ukilowa na kukauka haupindi ovyo. Chekeche la juu hubakiza vigae, mifupa mikubwa, mawe yaliyochongwa na vipande vya chokaa vilivyomeguka kutoka dari la pango. Hivi vya mwisho wengi huvitupa, na ni hasara: vipimwe uzito kwa kila tabaka la udongo. Vikiwa vingi na kingo kali, dari lilikuwa likimeguka kwa kasi. Kingo zikiwa zimelika, vilikaa kwenye unyevu muda mrefu au vilisukumwa na maji. La kati hunasa shanga, vibanzi vya mawe na mifupa ya panya na popo.

Tatizo ni la chini. Waya wa mbu haukuundwa kubeba ndoo ya lita 10 ya udongo wa mfinyanzi uliolowa. Unabonyea katikati, matundu yanatanuka, na mifupa midogo iliyobaki jana inapita leo. Hapo hesabu za tabaka la juu na la chini hazilinganishiki tena. Mtu ataona mifupa ya panya imepungua, aandike kuwa mazingira yalibadilika, kumbe waya umelegea. Mwambie fundi aweke wavu wa chuma kisichoshika kutu, matundu ya milimita 1, na mataruma mawili chini yake.

Kasoro nyingine inahusu machekeche yote matatu: upenyo kati ya ubao na wavu. Chembe za tabaka la juu hujificha humo, kisha hudondoka unapochekecha tabaka la chini. Punje moja ya mtama wa juzi ikiangukia kwenye udongo wa kale inatosha kuvuruga tarehe. Ziba upenyo kwa silikoni, na piga brashi kila unapobadilisha tabaka.

Masika, kuchekecha kukavu hakuwezekani. Udongo unaganda mabonge. Tumia maji baridi ya kisima, kamwe si ya bahari, kwa sababu chumvi huganda ndani ya mifupa na kuipasua. Mkaa wa kupima umri uokotwe kabla ya kumwaga maji, maana ukilowa ghafla husambaratika. Mifupa ianikwe kivulini.

Na si kila udongo upite hapa. Wavu wa milimita 5 na 2 umepakwa zinki, hivyo sampuli za kemia zichukuliwe moja kwa moja ukutani mwa shimo. Hizo ndizo zitakazoeleza, kwa mfano, kama mifupa ilikosekana tangu mwanzo au iliyeyushwa na tindikali ya kinyesi cha popo. Sampuli za kupima umri wa mchanga huchukuliwa kwa bomba lisilopenya mwanga; mwanga ukizigusa chembe, umri uliohifadhiwa ndani unafutika. Kule kwenye pango la Panga ya Saidi, Kilifi nchini Kenya, kaburi la mtoto la miaka 78,000 hivi, lililotangazwa 2021, lilithibitishwa kuwa shimo lililochimbwa makusudi kwa kuwa udongo uliolijaza ulitofautiana na wa pembeni. Mifupa ilikuwa laini mno, ikatolewa ndani ya bonge zima lililofunikwa plasta. Chekeche lingeisaga, na kaburi lingefutika nayo.

Kununua seti hii hakumpi mtu ruhusa ya kuchokonoa pango: leseni ya kuchimba hutolewa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964. Ukiagiza, lipia wavu wa tatu kando na umkabidhi fundi mwenyewe. Ukimwachia autafute, atarudi na waya wa mbu.