Miaka miwili kwenye fleti yenye sakafu ya mbao: uzoefu wangu

Fleti hii niliikodi kwa sababu ya sakafu. Jiko lake ni la kubanana na chumba cha kulala kinatosha kitanda na kabati tu, lakini zile mbao za sebuleni, zikipigwa na jua la asubuhi, ziliniteka kabla sijafungua hata bomba. Iko ghorofa ya tatu, katikati ya jiji, na sasa namalizia mwaka wa pili.

Uzuri wake si wa macho tu. Ukishuka kitandani miguu mitupu, husikii ule ubaridi wa marumaru. Vumbi halijifichi kama kwenye zulia la ukuta kwa ukuta: unaliona, unalifagia, limekwisha. Usafi wenyewe ni mwepesi, ufagio laini kisha dekio lililokamuliwa mpaka halitoi tone. Ndoo ya maji usiimwage humo kamwe.

Kitu ambacho sikutahadharishwa ni sauti. Mbao haimezi kishindo, hukipitisha hadi chini. Wiki ya pili tu jirani wa chini, mama mtu mzima, alipanda kunigongea. Hakugomba. Aliniambia, "Mwanangu, kila ukivuta kiti najua umekaa kula." Niliona haya kwelikweli. Kesho yake nikabandika vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya kila kiti na meza, nikatandika zulia nene pale ninapopita sana, na viatu vikawa vinaishia mlangoni. Viatu ni bora viachwe huko kwa sababu nyingine pia: chembe za mchanga kwenye soli hukwangua vanishi kama msasa.

Halafu mbao inapumua. Hewa ikikauka husinyaa, na kati ya ubao na ubao hufunguka mianya ya kupitisha ukingo wa kadi. Unyevu ukirudi, inajifumba. Mwanzoni nilitaka kuiziba. Nashukuru sikufanya hivyo, maana mbao ingetanuka ikakosa pa kwenda.

Kosa langu kubwa lilikuwa chungu cha maua. Nilikiweka moja kwa moja sakafuni, maji yakawa yanachuruzika chini yake kidogo kidogo bila mimi kujua. Siku nilipokisogeza nikakuta duara jeusi, kubwa kama sahani. Fundi alipiga goti, akalipapasa kwa kidole, akanieleza kwamba doa jeupe aghalabu huwa limeishia kwenye vanishi na linaweza kutolewa, ila jeusi limeshazama kwenye mbao yenyewe. Kama ni mbao nzima, hupigwa msasa na kupakwa vanishi upya, hata mara kadhaa katika maisha yake. Kama ni tabaka jembamba lililogundishwa juu ya plaiwudi, nafasi ni finyu. Yangu, kwa bahati, ni mbao nzima.

Mwenye nyumba alitaka nilipie sebule yote, pamoja na michubuko ya karibu na mlango. Michubuko ile niliikuta, na kilichoniokoa ni picha nilizopiga siku ya kukabidhiwa funguo, kila kona, zenye tarehe. Mkataba ulisema tu "sakafu irudishwe katika hali yake", bila kusema hali gani. Nililipia duara langu, basi.

Kwa hiyo unapoenda kuangalia fleti ya namna hii, inua mazulia yaliyotandikwa uone kilicho chini. Tembea kandokando ya kuta usikilize mbao zinapolia. Omba ruhusa udondoshe tone la maji karibu na sinki: likisimama kama shanga, vanishi ni nzima, likinywewa, imekwisha, na hayo ni mazungumzo ya kufanya kabla ya kusaini.

Mwezi uliopita nimeongeza mkataba. Safari hii tumeandika hali ya sakafu chumba kwa chumba, na chungu cha maua kimehamia kwenye kigoda chenye sinia chini yake.