RTX 3050 ya GB 6 kwenye pawa saplai ya wati 240: uzoefu wangu

Kadi hii ya grafiki (ya kuchezea gemu) ni nzuri kwa kompyuta yenye umeme mdogo, ila hakikisha unanunua yenye memori ya GB 6. RTX 3050 ya GB 8 inakula wati 130 na inadai waya wake wa umeme kutoka pawa saplai. Hii ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, inakula wati 70 tu, na matoleo mengi hayana hata tundu la waya. Jina moja, kadi mbili. NVIDIA, watengenezaji wake, wangeipa jina lake wasingepungukiwa na kitu, hasa kwa kuwa ya GB 6 ina kora, yaani vitengo vya kukokotoa, chache zaidi (2304 dhidi ya 2560) na njia ya memori nyembamba, biti 96 badala ya 128.

Mashine yangu ni ile ya ofisini iliyotumika: prosesa Core i5-6500, pawa saplai ya wati 240 yenye plagi za kipekee za kampuni iliyotengeneza mashine, kwa hiyo kubadilisha pawa saplai si kazi ya kununua yoyote dukani na kuichomeka. Ndiyo maana namba niliyoijali zaidi ni 75. Hizo ndizo wati ambazo sloti ya PCIe x16, ile ndefu ya kwenye mazabodi inayochomekwa kadi, inaruhusiwa kuipa kadi, na karibu zote, 66, zinatoka kwenye laini ya volti 12. Kadi ya wati 70 inaishi humo humo bila kuomba waya.

Kabla ya kulipa nilisoma lebo ya pawa saplai. Usiishie kwenye wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta ampea za volti 12, zidisha kwa 12. Ampea 18, kwa mfano, ni wati 216. Prosesa yangu imekadiriwa wati 65, kadi 70, kisha diski, RAM na feni. Nafasi inabaki. Kwa kipimo cha ukutani, nikicheza gemu nzito mashine inatembea kati ya wati 130 na 160, na haijawahi kujizima wala kujiwasha upya.

Kuna watu watakushauri uchukue kadi kubwa zaidi na adapta ya kugeuza plagi ya SATA (ya umeme wa diski) iwe ya pini 6, ile ya kulisha kadi. Mimi hapana. Plagi ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvutwa hadi 75. Hapo ndipo plastiki inapoyeyuka.

Kwenye gemu: 1080p, mipangilio ya kati, mambo ni laini. Gemu mpya nzito nawasha DLSS (kadi inachora picha ndogo kisha inaikuza ili kupata kasi) na zinachezeka, lakini prosesa hii ya kora nne ndiyo inayochoka kwanza, kadi ikiwa bado ina pumzi. Kuongeza RAM ya pili ili zifanye kazi mbili mbili kulipunguza kukwamakwama zaidi kuliko nilivyotarajia. Kelele hakuna ya kulalamikia.

Niliifikiria pia RX 6400, kadi ya AMD ya wati 53. Tatizo lake ni kwamba inatumia njia nne tu za PCIe, na kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 inapoteza kasi. Isitoshe haina enkoda ya video (sehemu ya kadi inayobana video wakati wa kurekodi), na mimi hurekodi gemu zangu.

Mawili ya kukagua kabla ya kuagiza. Kesi ikiwa nyembamba, taka toleo fupi la "low profile" lenye bamba lake dogo. Na skrini ikiwa ya VGA, kadi hii haina tundu hilo. Utahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, maana waya wa kawaida wa HDMI kwenda VGA hautaonyesha kitu.