TAHADHARI: Anayejitangaza kugeuza sauti za simu janja ziingie kwenye kitochi ametupiga 46,500

Ndugu zangu wa vikundi vya korosho, na yeyote mwenye mzazi kijijini anayetumia kitochi, naomba msome hili kabla hamjamtumia mtu hela. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wilayani Newala. Hela iliyoliwa si yangu peke yangu, ni ya wanachama, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Bwana shamba wetu alirekodi sauti tisa kwa simu yake, kila moja kama dakika nne. Ndani yake ameeleza jinsi ya kuutambua ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, maua yanapoanza kuchomoza, dawa yake ya salfa ianze kupulizwa lini, mpulizaji ajikinge vipi macho na pua, mpaka kupogolea. Wenye simu janja walizipata WhatsApp siku hiyohiyo. Lakini zaidi ya nusu ya wanachama wetu wana vitochi, tena vile vya zamani visivyo na sehemu ya memori kadi. Ukivirushia sauti kwa Bluetooth vinaandika tu kwamba faili halitambuliki. Na salfa haimsubiri mtu. Maua yakishaliwa, msimu umekwenda.

Fundi simu mmoja akaniambia vitochi vile vinasoma AMR, aina ya faili la sauti, tafuta mtu wa kugeuza. Nikakutana na tangazo kwenye kundi la wafanyabiashara: "Tunageuza sauti yoyote kwenda AMR, stereo, ubora wa studio, kitochi chochote kinasoma, 3,500 kwa faili." Nikalipa 31,500 kwa sauti tisa. Baada ya saa moja mafaili yakarudi, yote yameandikwa .amr mwishoni. Nikarusha kwenye kitochi cha mzee mmoja wa kikundi: hayafunguki. Nikampigia yule bwana, akanijibu kwa upole sana: "Dada, mafaili yako tayari, ila yamefungwa kodeki. Ongeza 15,000 ya kufungua." Kodeki ni njia tu ya kubana sauti na kuisoma, lakini mimi sikujua, nikaongeza. Hapo ndipo nilipokosea, na nasema wazi ili mwingine asikosee.

Baada ya kupokea 15,000 akanitumia programu ya kusakinisha kwenye simu, faili la .apk, akasema ndiyo ufunguo wenyewe. Nilipoigusa ikaomba ruhusa ya kusoma meseji zangu na kuandika juu ya skrini. Nikasita. Programu ya kugeuza sauti inatafuta nini kwenye meseji? Meseji ndiko zinakoingia namba za uthibitisho na taarifa za miamala. Nikaifuta. Nilipomuuliza, akanifungia. Namba haipatikani hadi leo.

Mpwa wangu anayesoma chuo ndiye aliyeyafungua mafaili yale na kunionyesha kilichofanyika. Kwa kweli hakikufanyika kitu. Jamaa alibadilisha jina tu, akatoa .m4a akaweka .amr, sauti ndani ni ileile. Ni sawa na kubandika karatasi ya "salfa" kwenye mfuko wa unga wa muhogo.

Haya ndiyo ya kumgundulia mtu wa namna hii, na hayahitaji utaalamu.

Kwanza uzito. AMR ni mtindo wa kubana sauti ulioidhinishwa kwa ajili ya simu za mkononi mwaka 1999, ili maongezi yapite kwenye mtandao mwembamba. Kwa kiwango chake cha juu kabisa, kilobiti 12.2 kwa sekunde, dakika moja ya sauti ina uzito wa kilobaiti 96 hivi. Dakika nne hazifiki kilobaiti 400. Sauti za bwana shamba zilikuwa karibu megabaiti 4 kila moja, na zile "zilizogeuzwa" zilirudi na uzito uleule, hazikupungua hata kidogo. Zingegeuzwa kweli, zote tisa kwa pamoja zingekuwa nyepesi kuliko moja ya mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kulipa salio, angalia uzito wa faili. Jina linabadilishwa kwa sekunde moja, uzito haubadiliki kwa kuandika jina jipya.

Pili, ukilifungua faili la AMR kwa programu ya kusomea maandishi utaona takataka nyingi, lakini mwanzo kabisa lazima paandikwe #!AMR. Letu lilikuwa na neno ftyp pale mwanzoni, alama ya faili la m4a. Kama ni MP3, mara nyingi utakuta ID3.

Tatu, ahadi zenyewe. AMR hii ya vitochi haina stereo. Ni sauti ya upande mmoja, inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, na inaishia kwenye mawimbi ya 3,400 kwa sekunde kama simu ya kawaida. Imetengenezwa kwa kufuata jinsi koo na mdomo wa binadamu unavyotoa sauti, ikikata maneno vipande vya milisekunde 20. Mtu akiongea, unamsikia vizuri. Ukiweka muziki, unatoka kama umezama kwenye mtungi. Anayekuahidi "ubora wa studio" kwenye AMR hajui kazi au anakudanganya, na kwa vyovyote asipewe hela.

Na hakuna kitu kinachoitwa ada ya kufungua kodeki. Sauti uliyorekodi mwenyewe haina kufuli.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi hii ni bure. Mpwa wangu aliimaliza kwa kompyuta kabla chai haijapoa, kwa programu iitwayo FFmpeg, akiandika mstari huu kwa kila sauti:

ffmpeg -i sauti1.m4a -ar 8000 -ac 1 -b:a 12.2k sauti1.amr

Ikigoma kwa kusema haina kisimbaji (encoder, sehemu ya kutengeneza faili) cha AMR, maana yake toleo ulilopakua ni pungufu, tafuta toleo kamili. Wasio na kompyuta wana njia nyingine, ambayo sisi tuliitumia kwa wanachama watatu wa kitongoji cha mbali: weka simu janja karibu na kitochi, chumba kiwe kimya, cheza sauti huku kitochi kinarekodi kwa kinasa sauti chake. Vitochi vingi vya zamani vinahifadhi kwa AMR vyenyewe. Vingine hukata baada ya dakika chache, basi rekodi vipande vipande. Na kabla ya yote jaribu MP3 ya kawaida. Vitochi vingi vya siku hizi vyenye memori kadi vinacheza MP3 bila shida, na huenda huhitaji kugeuza chochote.

Mtu asikimbilie pia tovuti yoyote ya kugeuza bure anayoikuta kwanza. Machi 2025 ofisi ya Denver ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo kuhusu tovuti za namna hiyo: zinakufanyia kazi uliyoomba, lakini faili unalorudishiwa linaweza kuwa na kirusi, na ulichopakia kinaweza kukwanguliwa taarifa zako. Kumbukeni sauti ni kitu cha mtu. Mwishoni mwa sauti ya tisa bwana shamba ametaja namba yake ya simu, na mafaili hayo sasa yako mikononi mwa tapeli. Nimekwenda kumwambia uso kwa uso, kwa sababu alitusaidia bila malipo na hakustahili hili.

Wa Tanzania, meseji ya tapeli unaisambaza kwenda 15040, kisha unafuata maelekezo na kuingiza namba iliyokutumia. Nimeshafanya hivyo kwa namba zake mbili. Usifute mazungumzo wala meseji za muamala, hata kama kuziangalia kunakutia hasira, ndiyo ushahidi wenyewe.

Kwenye lile kundi nimeshapata wengine wawili waliolipa "ada ya kufungua", mmoja alikuwa anataka kumpelekea mama yake sauti ya ndugu aliyeko Muscat. Ukiwa umelipa na wewe, njoo inboksi na tarehe, kiasi, na majina yaliyotokea kwenye muamala. Usiyaweke hapa hadharani, laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu asiyejua lolote. Jumatatu asubuhi tunakwenda polisi, na tukienda watano itakuwa bora kuliko watatu.