A Dark Song: filamu ya kutisha isiyo na haraka

Anayetaka mizimu irukeruke kuanzia dakika ya tano, hii aiache. A Dark Song (2016), filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Liam Gavin, ina nyumba moja, waigizaji wakuu wawili na kama dakika 100. Sophia (Catherine Walker) ameuliwa mwanawe. Anapanga nyumba ya mbali huko Wales na kumlipa Joseph Solomon (Steve Oram), mganga mlevi mwenye mdomo mchafu, amfanyie ibada ya Abramelin ya kumwita malaika mlinzi, ili aongee tena na mtoto.

Utamu wake uko kwenye kazi yenyewe. Kwanza mfungo. Kisha nyumba inazungushiwa chumvi, na mstari ukishafungwa hakuna kutoka kwa miezi. Michoro inajaa sakafuni chumba hadi chumba, na Sophia anakaa ndani ya duara akikesha. Gavin hakubuni yote: kitabu cha Abramelin, cha kale cha uchawi, kipo kweli, ila nakala moja inadai ibada ichukue miezi 6, nyingine 18. Ibada inapokwama, kosa si la michoro. Sophia amemficha Solomon nia yake halisi, na kazi hiyo haikubali mwenye shida aseme uongo. Hasira iliyojificha ndani ya majonzi inatisha kuliko pepo yeyote wa filamu hii.

Kwa mtazamaji wa Mbeya, upweke ndio unaoshtua kwanza. Huku msibani watu hulala hapohapo, mfiwa haachwi na ukuta. Sophia amejifungia na mtu asiyemjua, na hakuna hata jirani wa kubisha hodi.

Udhaifu upo. Tukio la Solomon kumdhalilisha kingono halina faida yoyote kwa hadithi, na mapepo ya mwishoni yanaonekana kabisa ni watu waliopakwa rangi, yangebaki gizani. Malaika, ambaye wengi wamembishia, mimi namkubali.

Iangalieni kwa spika nzuri au hedifoni, maana vitisho vingi ni vya sauti: mlango, hatua, mtoto akiita nyuma ya ubao. Kibanda umiza hakifai, na toleo la kutafsiriwa na DJ litaiua kabisa. Masika nayo ni tatizo, mvua ikipiga bati husikii kitu. Subirini Juni na blanketi. Wa Tukuyu, ambako mvua haina likizo, ni hedifoni tu. Watoto wawe wamelala.