Avoriaz kwa familia inayoanza skii: mnacholipia ni ufupi wa safari ya asubuhi

Bei ya pasi (tiketi ya lifti za mlimani) na jumla ya kilomita za njia za mlima ni maswali ya wenye uzoefu. Familia yenye mtoto wa miaka minne na mzazi ambaye hajawahi kuvaa buti la skii ina swali lake: kutoka kitandani hadi darasani ni hatua ngapi, na skii za mtoto atazibeba nani? Kwa kipimo hicho Avoriaz, kituo cha Ufaransa kilicho mita 1,800 juu ya usawa wa bahari katika milima ya Alpi, kinavishinda vingi vinavyojitangaza kuwa vya familia. Kwa vipimo vingine kina kasoro, na baadhi yake si ndogo.

Kituo kilifunguliwa 1966. Aliyekipigania ni Jean Vuarnet, aliyekulia Morzine bondeni na kutwaa dhahabu ya mbio za kushuka mlima katika Olimpiki ya 1960. Wasanifu vijana, Jacques Labro miongoni mwao, walichora mji usioingia magari, wenye majengo marefu yaliyovikwa vigae vya mbao za mwerezi na njia za skii zinazopita kati ya nyumba. Gari huachwa langoni. Mizigo na watoto hupandishwa kwa sleji ya farasi au mtambo wa theluji unaotembea kwa minyororo, vyote kwa malipo. Majengo kadhaa yana lifti wanazotumia hata wapita njia, kwa hiyo si lazima kukwea kutoka mtaa wa chini hadi wa juu huku umevaa buti zito. Ubaya wake ni kwamba barabara na njia ya skii ni kitu kimoja: watembea kwa miguu, farasi na wanaoshuka kwa kasi hukutana. Mtoto afundishwe siku ya kwanza kutazama upande wa juu wa mlima kabla ya kuvuka.

Shule ya watoto, Village des Enfants, ipo katikati kabisa ya mji. Ilianzishwa na Annie Famose, Mfaransa aliyepata medali ya fedha ya slalomu kubwa na shaba ya slalomu, mbio za kupinda kati ya milingoti, katika Olimpiki ya Grenoble 1968. Hupokea watoto kuanzia miaka 3, katika uwanja wao wenyewe wenye mazulia yanayosogea ya kuwapandisha, miteremko midogo na mahali pa kuingia kupasha mwili joto. Eneo hilo kutokatizwa na watu wazima ni faida kubwa, maana mwanafunzi mdogo huogopa zaidi mtu anayempita kwa kasi kuliko mteremko wenyewe. Hata hivyo, wa miaka mitatu msimlipie siku nzima. Anachofanya kwa sehemu kubwa ni mchezo, na akichoka analia na kugoma kurudi kesho. Nusu siku inamtosha hadi afike miaka mitano. Kwa walio wadogo zaidi kuna kituo cha kulelea cha Les P'tits Loups.

Kwa mzazi anayeanza, sifa zinapungua. Maeneo ya kujifunzia yapo karibu na nyumba, lakini yako juu ya mstari wa miti. Wingu likishuka, theluji na anga huwa rangi moja na macho hayana cha kushika. Mtu hajui kama anateleza au amesimama. Kwenye vituo vya chini kidogo miti husaidia kuona. Njia za buluu, zile rahisi, zinazorudi mjini nazo hujaa mchana. Pasi ya eneo zima la Portes du Soleil, linalounganisha Ufaransa na Uswisi, ni fedha ya kupoteza bure kwa mtu huyu. Ya Avoriaz peke yake inamtosha na kuzidi kwa wiki nzima. Ufaransa hupanga njia kwa rangi, kutoka rahisi hadi ngumu: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Austria haina kijani, basi aliyezoea buluu ya Austria asishangae buluu ya Ufaransa ikiwa ngumu kidogo. Na rafiki akiwaalika mkatazame Chavanette, ule ukuta unaoshukia Uswisi, tazameni kutoka juu mrudi zenu.

Buti ndilo linaloharibu wiki nyingi. Saizi yake ni urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa sentimita 24 ni buti la 24. Kosa la kawaida ni kumchukulia mtoto kubwa “akue nalo”. Kisigino kikinyanyuka ndani ya buti, mguu unageuka na skii haigeuki, kisha mtoto anaambiwa hasikii anachofundishwa. Jipimieni hivi dukani: vaa soksi moja tu, ndefu na nyembamba, gonga kisigino nyuma, funga bizimu. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma. Soksi mbili haziongezi joto, zinabana damu na kuleta ubaridi. Suruali isiingizwe ndani ya buti. Mshono wake utachubua ugoko kabla ya saa sita mchana.

Skii za anayeanza ziwe fupi, kati ya kifua na kidevu. Mwenye duka atauliza uzito, kimo, umri na uwezo, kwa sababu vifungio hukazwa kwa hesabu hiyo ili skii iachie mguu mtu anapoanguka. Akina baba hupunguza kilo na akina mama pia, na wote hujiongezea uwezo. Anayepunguza kilo, skii itamtoka njiani bila sababu. Anayejiongezea uwezo, kifungio kitakazwa kupita kiasi, kisiachie, na goti ndilo litakalopinda. Semeni kweli. Helmeti haidaiwi na sheria ya Ufaransa kwa anayeteleza kwa starehe, lakini msimpeleke mtoto darasani bila hiyo.

Helmeti ikae chini, vidole viwili juu ya nyusi. Hapa familia zetu zina jambo lao: rasta nene au fundo la nywele kisogoni huinyanyua helmeti ikakaa mbele kama kibandiko. Kabla ya safari sukeni nywele zilale kichwani, mikia iishie shingoni. Kwa anayevaa hijabu, kitambaa chembamba cha kunyumbuka kinachofunika kichwa na shingo kinatosha chini ya helmeti; mtandio mzito wenye pini usivaliwe, na skafu inayoning'inia ni hatari kwenye lifti ya viti. Nguo ya ndani iwe ya sufu au poliesta, si pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na kupoa. Jinzi iacheni nyumbani. Glavu za kidole gumba peke yake zina joto kuliko za vidole vitano, na mtoto awe na jozi mbili. Ngozi nyeusi nayo hupakwa losheni ya jua: mionzi huongezeka kadiri unavyopanda, na theluji huirudisha usoni. Midomo ipakwe vaselini kila inapokauka.

Darasani siku ya kwanza ni kutembea na buti, kuteleza kwa skii moja, kisha kusimama kwa kabari: ncha za mbele zikaribiane, mikia ipanuke, magoti yakunjwe. Siku mbili zinazofuata ni kugeuka. Mtu anayeogopa huegemea nyuma, kumbe hapo uzito unatoka kwenye ncha za skii na ndizo zinazoanzisha mgeuko; kadiri anavyojivuta nyuma ndivyo kasi inavyoongezeka. Dawa ni ugoko kugusa ulimi wa buti muda wote na kukanyaga skii ya nje: ukitaka kwenda kushoto, kanyaga ya kulia. Ukianguka, ziwekeni skii upande wa chini wa mwili, zikiukata mlima, ndipo usukume kuinuka. Kwenye lifti ya viti toeni kamba za fimbo mikononi na begi mgongoni, kaeni hadi nyuma, shusheni chuma cha kujikinga mara moja. Mtoto aliye chini ya mita 1.25 hupanda na mtu mzima. Mkishuka upande wa Lindarets, chini ya Avoriaz, kumbukeni kwamba kurudi Avoriaz kunahitaji lifti. Anzeni safari ya kurudi mapema, si dakika za mwisho.

Vyumba ni vidogo. Nyumba ya “watu sita” mara nyingi ni ya wanne wanaopendana; chukueni ukubwa wa hatua moja juu. Duka la chakula ni ghali kuliko bondeni, basi mchele, viungo na mafuta vipandisheni. Mikahawani ulizeni kabla ya kuagiza: tatifleti ya viazi na jibini huwekwa vipande vya nyama ya nguruwe, fondu hupikwa kwa divai nyeupe, na rakleti huja na sahani ya nyama kavu ambayo nyingi ni nguruwe. Viazi vya rakleti na jibini bila ile sahani hupatikana ukiomba.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi Uingereza anahitaji viza ya Schengen hata akitua Geneva, Uswisi. Bima itaje skii kwa jina, kwa sababu kubebwa mlimani kunalipishwa. Epukeni Februari, shule za Ufaransa zinapofungwa kwa zamu. Januari baada ya mwaka mpya kuna nafasi na baridi kali, Machi kuna jua na theluji inayolainika mchana. Ndege ikitua Jumamosi jioni, laleni Morzine, mpande asubuhi kwa kebo ya Prodains Express, na darasa la mtoto liandikisheni lianze Jumatatu, ili Jumapili yote iwe ya kupima mabuti.