Taima ya hewa kwenye mashine yangu ya kusaga: miaka miwili sasa

Nina mashine ya kusaga mahindi Busia, upande wa Uganda. Mota yake ni ya kilowati 22, ile mafundi huiita ya hosipawa 30. Mota kubwa hivi haiwashwi moja kwa moja, kwa sababu inaweza kuvuta umeme mara sita ya ule inaotumia kazini. Inaanzia kwenye sta, yaani waya zake za ndani zikiwa zimeungwa kwa namna ya kupunguza umeme, ambako inavuta theluthi tu ya huo, na ikishachanganya mwendo inahamishiwa delta, muungo wa pili, ipate nguvu zake zote. Kinachoamua ihame saa ngapi ni taima.

Zamani nilitumia taima za kielektroniki. Mbili zilinifia ndani ya msimu mmoja wa mavuno. Kwetu umeme ukikatika, unaporudi hurudi kwa kishindo, na vile vidude vya ndani havistahimili. Fundi alipofungua ya pili tulikuta kipande kimoja kimeungua hadi kimekuwa cheusi. Akaniambia, "Mama, hapa weka ya hewa. Hiyo haina cha kuungua."

Ni kweli. Taima ya hewa ni bloku ndogo inayochomekwa juu ya kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme, na kuhesabu kwake hakuhitaji umeme hata kidogo. Ndani kuna kiriba cha mpira na springi, kama mivukuto ya mhunzi iliyofanywa ndogo. Kontakta ikivuta, springi inataka kukitanua kile kiriba, lakini kiriba hakitanuki mpaka hewa iingie, na hewa ina njia moja tu: inapita kwenye chujio, kisha kwenye mfereji mwembamba sana. Ziba mdomo wa bomba la sindano kwa kidole, uachie upenyo mdogo tu, halafu vuta mpini. Utasikia unavyokuja polepole. Ukizungusha kitufe cha juu unabadilisha njia ya hewa tu: ikiwa ndefu, muda unakuwa mrefu. Kiriba kikijaa, swichi inaruka kwa mlio mmoja mkavu, tak. Kontakta ikiachia, hewa inatoka yote mara moja kupitia vali nyingine, na taima iko tayari kuanza upya.

Sasa nieleze kilichonipata, kwa sababu kinaweza kumpata mwingine. Taima ya kwanza ya hewa niliinunua dukani Kampala. Nilimwambia muuzaji wazi kwamba ni ya sta-delta, akanipa akisema zote ni zilezile. Siku ya kwanza ilifanya kazi mara tatu. Mara ya nne kulitoka mlipuko ndani ya boksi, fyuzi zote tatu zikaenda, na kontakta ya sta ikaganda. Ile ilikuwa taima ya kawaida. Ya sta-delta inaacha pengo dogo, kama milisekunde 40, kati ya kuachia sta na kushika delta, ili cheche za kontakta ya sta zizimike kwanza. Bila pengo hilo kontakta mbili zinaweza kukutana, na hiyo ni shoti ya moja kwa moja. Nilipoteza kontakta mbili na siku tatu za kazi, wateja wakiondoka na magunia yao kichwani. Basi usikubali kuambiwa zote ni zilezile. Taka karatasi yake, au angalia mchoro ulio ubavuni. Na hata ukipata ile sahihi, mwambie fundi afunge kizuizi cha kimakanika kati ya kontakta ya sta na ya delta, kisichoziruhusu zishike kwa pamoja. Sasa ninacho, na siwezi kuwasha bila hicho.

Kwenye bloku utaona namba. Yangu ina 55 na 56, waya wa kontakta ya sta, ambayo inafunguka, yaani inakata umeme, muda ukifika. Na 67 na 68, waya wa delta, ambayo inajifunga na kupitisha umeme. Ukizigeuza, mota inaanzia delta.

Muda nao usiweke kwa kukisia. Yangu inaanzia sekunde 1 hadi 30, na yule fundi wa kwanza aliiweka 5 kwa sababu ndivyo alivyozoea. Kila ikiingia delta taa za jirani zilififia. Fundi wa pili alileta klampu, kile kipimo cha ampea chenye mdomo kama koleo, akaikamata kwenye waya mmoja, akawasha mashine ikiwa tupu. Namba ilipanda karibu ampea 90, ikakaa hapo, halafu kwenye sekunde ya tisa ikaporomoka. Hapo ndipo mota imeshachanganya. Tukaweka 10. Ukihamisha mapema, delta inapiga karibu kama umewasha moja kwa moja. Ukichelewesha sana, mota inahangaika kwenye sta na kupata joto bure. Na usiamini namba zilizoandikwa kwenye kitufe: nikiweka 10, saa yangu inasoma 9 siku moja na 11 siku nyingine. Kwa mashine ya kusaga tofauti hiyo haina neno. Kwa kazi inayotaka muda kamili, taima hii haifai.

Adui yake mkubwa ni unga. Kama miezi minne baada ya kufunga, mota ilianza kukawia kwenye sta. Tulihesabu hadi sekunde 17 na kitufe hakijaguswa. Chujio lilikuwa limejaa vumbi la mahindi na hewa inapita kwa shida. Sasa boksi lina raba mlangoni, na kila Jumapili, umeme umezimwa, napangusa bloku kwa brashi laini ya rangi. Kompresa siisogezi hapo, inausukuma unga ndani zaidi. Kinyume chake nacho ukijue: taima ikianza kuruka papo hapo, kiriba kimepasuka, badilisha bloku nzima.

Umeme ukikatika katikati ya kusaga, kijana wangu anafunga mlango wa mahindi kwanza, kisha anasafisha yaliyobaki ndani. Kwenye sta mota ina theluthi tu ya nguvu yake ya kuanzia, haiwezi kuzungusha nyundo za kusagia zilizozama kwenye mahindi, na taima haijui hilo. Muda ukifika itaisukuma delta hivyo hivyo. Mashine ikiwa tupu anawasha, anasimama mkono ukiwa kwenye mpini wa mlango, anasikiliza. Tak. Sauti ya mota inabadilika, naye anaachia mahindi kidogo kidogo.