Maiki ya kurekodia sauti nyumbani: ipi ununue kwanza?

Maiki yangu ya kwanza ilikuwa kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo), kwa kuwa kila picha ya studio niliyoiona ilikuwa nayo. Chumba changu kina paa la bati, na dirisha linatazama kijiwe cha bodaboda. Nilipovaa hedifoni kusikiliza ubeti wa kwanza, nikamsikia jirani anamtuma mwanawe chumvi. Chumvi ya shilingi ngapi, nayo nikaisikia.

Kondensa ina masikio makali mno kwa nyumba zetu nyingi. Dainamiki, aina ya pili isiyo na masikio makali hivyo, hutaka uisogelee, vidole vinne kutoka mdomoni, na kelele za mbali huzipunguza sana. Ndiyo maana naziweka mbele.

Ya kwanza kwangu ni Samson Q2U. Ni dainamiki yenye matundu mawili: USB ya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, na XLR, tundu la pini tatu, ya siku utakaponunua kadi ya sauti, yaani kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta. Hedifoni unachomeka kwenye maiki yenyewe, ukajisikia bila sauti kuchelewa. Anayeanza hahitaji zaidi ya hapo.

Ya pili ni Behringer XM8500 pamoja na kadi ya sauti ya Behringer UM2. Maiki ni rahisi na ngumu, ila dainamiki hutoa sauti hafifu. Utapandisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti ya maiki, na kadi ya bei ndogo ikipandishwa sana huanza kutoa mvumo. Mwenye uwezo zaidi achukue Shure SM58, iliyopo sokoni tangu 1966, lakini awe macho: feki zimejaa. Halisi ina uzito wa karibu gramu 300. Ukiinyanyua ukaiona nyepesi kama tochi ya plastiki, iache hapo hapo.

Ya tatu ni Audio-Technica AT2020 na Focusrite Scarlett Solo. Hii ni kondensa nzuri kweli, na kwa mwimbaji wa kaswida au taarabu mwenye sauti laini ningeipandisha hadi ya kwanza, mradi chumba kiwe kimya. Inahitaji umeme wa volti 48, na kadi hiyo inautoa kwa kubonyeza kitufe.

Nisizozishauri kabisa ni zile seti za kondensa za bei chee, zenye mkono wa chuma na waya wa kuchomeka tundu dogo la kompyuta. Tundu hilo halitoi volti 48, hivyo sauti hutoka nyembamba, imezama kwenye mvumo.

Bakiza pesa ya hedifoni zinazofunika masikio, maana biti ikipigwa kwenye spika itaingia kwenye maiki. Programu ya kurekodia isikuumize kichwa: Audacity ni ya bure, na Reaper unaijaribu siku 60.

Kabla ya kurekodi, tundika blanketi zito nyuma ya mwimbaji. Watu wengi hulitundika nyuma ya maiki, kumbe maiki hizi husikiliza zaidi upande wa mbele, na mwangwi unaoziingia hutoka ukutani mgongoni mwako. Kisha imba kiitikio kwa nguvu zako zote huku ukirekebisha geini, mshale wa kipimo cha sauti kwenye programu ucheze kati ya desibeli -12 na -6. Ukipima kwa kunong'ona, kiitikio kitapasuka.